Maabara Ipo, Somo Liko Wapi?

Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu: ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Muda uliwekwa, ukaisha, ukasogezwa hadi Juni 2015. Wananchi walichangia fedha, mawe na mchanga, na viongozi wa wilaya wakabanwa watoe taarifa za ujenzi. Kuta zilipanda kweli. Hata hivyo, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ziliendelea kutaja maabara ambazo hazijakamilika, na nyingine zilizokamilika zikakosa vifaa.

Anayelipa gharama ya pengo hilo ni mtoto wa kidato cha kwanza. Mada ya nishati aliianza shule ya msingi kwa Kiswahili. Sekondari anaikuta kwa Kiingereza, na mara nyingi betri na balbu ni mchoro wa chaki ubaoni. Anakariri kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi, bali hubadilika umbo. Mtihani anaufaulu, lakini mabadiliko yenyewe hajayaona.

Ajabu ni kwamba wilaya ya Karatu imejaa mabadiliko hayo. Katika bonde la Eyasi, kuelekea Mang'ola, mhunzi wa Kidatoga huketi chini na kupuliza makaa kwa mivukuto ya ngozi. Nguvu ya mikono inasukuma hewa, mkaa unatoa joto na mwanga, makufuli na mabomba chakavu yanayeyuka na kuwa bangili. Msumari ukipigwa nyundo unakuwa kichwa cha mshale, na Mhadzabe hukipata kwa kutoa asali. Mhadzabe huyo akivuta upinde anaweka nishati tuli. Akiuachia, mshale unaondoka na nishati mwendo. Watalii hulipa ili wayaone hayo. Mwanafunzi wa jirani anaweza kumaliza shule bila mwalimu kuyataja darasani.

Lawama si ya mwalimu peke yake. Bajeti ya mradi wa ujenzi ina fungu la saruji na mabati, kwa kuwa jengo hukaguliwa na kuzinduliwa. Betri, waya na nauli ya kumpeleka mwalimu mafunzoni havikatiwi utepe. Wilayani Ngorongoro hali ni ngumu zaidi: mwalimu wa Endulen akiitwa semina Loliondo, hana budi kuvuka wilaya kutoka kusini hadi kaskazini.

Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024 unasisitiza umahiri na vitendo. Usipowekewa fedha za vitendo hivyo, utaishia pale pale ulipoishia mpango wa maabara. Halmashauri za Karatu na Ngorongoro zianze na jambo dogo: kila shule ipewe fungu la vifaa vya majaribio kila muhula, na mkaguzi akifika asihesabu vyumba. Amwombe mwanafunzi awashe balbu, kisha aeleze nishati imetoka wapi na imekwenda wapi.