Kichwa Kinachouma Baada ya Kutolewa Maji ya Mgongo

Watu wengi huogopa sindano ya mgongo. Munganga huitumia ili ajue kama ugonjwa umefika katika ubongo, kama vile homa ya uti wa mgongo, au ugonjwa wa usingizi unapokuwa mkali. Sindano huingizwa chini, kiunoni, mahali ambapo uti wenyewe haufiki. Kwa hiyo haiuchomi.

Ubongo hukaa ndani ya maji. Kwa mtu mzima, maji hayo ni kama mililita 150, na kila siku mwili hutengeneza mengine, karibu nusu ya lita. Basi yale machache yanayotolewa hurudi upesi. Lakini pengine tundu la sindano hukawia kuziba, na maji huvuja ndani ya mgongo, wala huyaoni. Ubongo ukipungukiwa na maji huteremka kidogo na kuvuta ngozi zinazoufunika. Ndiyo sababu kichwa kinauma.

Utajuaje? Maumivu huanza siku ile ile, au katika siku tatu zinazofuata. Huzidi ukiketi au ukisimama, na hupungua ukilala. Shingo huweza kukaza, masikio kuvuma, na moyo kuchafuka.

Ufanye nini? Mwambie muuguzi. Lala wakati kinapouma, kunywa maji, umeze dawa ya maumivu uliyopewa. Usibebe mzigo. Wengi hupona katika juma moja au mawili. Maumivu yakikawia, munganga mwenye ujuzi huo huweza kutoa damu kidogo mkononi mwako na kuitia karibu na tundu; damu huganda na kuliziba.

Lakini rudi hospitali upesi, usingoje kesho, ukiona mambo haya:
1. Kichwa hakipungui hata ukilala.
2. Homa.
3. Kusinzia sana, au maneno kuchanganyika.
4. Kifafa, au mkono au mguu kulegea.
5. Kuona kitu kimoja kama viwili.

Pengine mshipa mdogo umevutwa na kutoa damu ndani ya kichwa, au vijidudu vimeingia. Ninyi jamaa mnaomwuguza, mjue dalili hizi, kwa maana mgonjwa mwenyewe huenda asiweze kusema.

Ukiitwa tena kutolewa maji, usikimbie. Mweleze munganga kwamba kichwa kilikuuma mara ya kwanza, ili atafute sindano nyembamba. Maumivu haya kwa kawaida hupita. Homa ya uti wa mgongo isiyotibiwa huua.