Kuamkia Mitufaha: Salamu, Mti na Tatizo la Tafsiri

Kila mwaka, katika majuma ya mwanzo ya Januari, wakazi wa baadhi ya vijiji vya kusini magharibi mwa Uingereza hukusanyika usiku katika mashamba ya mitufaha. Wakati huo baridi huwa kali na miti haina hata jani moja. Watu huuzunguka mti mmoja, aghalabu ule ulio mkongwe kuliko yote, wakaumwagia pombe shinani, wakautundikia vipande vya mkate matawini, wakauimbia, kisha wakapiga bunduki hewani. Jambo hilo kwa Kiingereza huitwa 'wassail'. Yafaa ifahamike tangu mwanzo kwamba mtufaha unaozungumzwa hapa ni ule wa nchi za baridi, wala si mtofaa wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao ni mti wa jamii nyingine.

Makala haya yanakusudia kueleza mila hiyo na kuchunguza swali moja ambalo halina budi kumkabili kila atakayeitafsiri kwa Kiswahili: je, tendo hili ni sala, ni tambiko, ni uganga, au ni mchezo tu? Hoja itakayotetewa ni kwamba jibu lapaswa kutafutwa kwanza katika neno lenyewe na katika yule anayeambiwa neno hilo, kabla ya kutafutwa katika nadharia za asili ya dini.

Asili ya Neno

Neno 'wassail' lilianza kama maamkizi. Katika Kinorsi cha kale ilisemwa 'ves heill', na katika Kiingereza cha kale 'wes hal', maana yake 'uwe mzima'. Sehemu ya pili ya usemi huo ina udugu na maneno ya Kiingereza cha leo yenye maana ya afya na ukamilifu. Mnamo mwaka 1136 hivi, Geoffrey wa Monmouth, katika historia ya wafalme aliyoiandika kwa Kilatini, alisimulia jinsi Rowena, binti wa mkuu wa Wasaksoni, alivyomwendea mfalme Vortigern na kikombe mkononi akamwamkia kwa neno hilo. Mfalme hakulielewa. Ikabidi mkalimani amfundishe kwamba kiitikio chake ni 'drinkhail', yaani 'kunywa, uwe mzima'.

Kisa hicho ni hekaya. Hata hivyo, chathibitisha mambo mawili: kwamba kufikia karne ya 12 salamu hiyo ilikuwa imekwisha kufungamana na kikombe, na kwamba ilidai kiitikio. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi, kwani anajua kwamba 'shikamoo' bila 'marahaba' ni salamu iliyoachwa njiani. Anajua pia kwamba maamkizi yaweza kupoteza maana yake ya awali yakabakia na nguvu ya kijamii tu, kwa kuwa asemaye 'shikamoo' leo hashiki mguu wa mtu.

Kutokana na maamkizi hayo maana ya neno ilipanuka hatua kwa hatua. Lilikuja kuwa jina la pombe yenyewe iliyotiwa viungo, kisha la mwendo wa waimbaji waliopita nyumba kwa nyumba na bakuli wakati wa Krismasi, na hatimaye likawa kitenzi ambacho yambwa yake ni mti. Katika hatua hiyo ya mwisho neno lililotakiwa binadamu uzima lilielekezwa kwa kiumbe kisicho na ulimi wa kuitikia.

Ushahidi wa Maandishi

Andiko la mapema linalotajwa sana kuhusu mila hii katika mashamba ni la mwaka 1585, kutoka Fordwich katika kaunti ya Kent, mahali ambapo vijana walikwenda shamba hadi shamba wakiifanya kwa malipo. Mwaka 1648 Robert Herrick, kasisi aliyekuwa amehudumu Dean Prior katika kaunti ya Devon, alichapisha diwani yake iitwayo Hesperides. Humo mna shairi fupi linalomshauri mkulima aifanyie miti yake tendo hilo, kwa kuwa wingi wa matunda utategemea jinsi alivyolifanya. Baadaye katika karne hiyo hiyo, John Aubrey aliandika kwamba wakulima wa Somerset walianza zizini kwa kuwanywea ng'ombe heri, kisha wakachukua bakuli lao wakaenda shambani kuibariki miti na kuweka kipande cha mkate uliobanikwa mizizini. Katika kaunti ya Sussex wavulana walioipigia miti kelele waliitwa wapiga mayowe, na daftari la Giles Moore, kasisi wa Horsted Keynes wa karne ya 17, linaonyesha kwamba aliwapa fedha kwa kazi hiyo.

Ni muhimu kutambua kwamba wawili kati ya mashahidi hao walikuwa makasisi, wala hawakuiandika mila hiyo kama uasi dhidi ya kanisa. Tarehe yake nayo ilifuata kalenda ya kanisa: ni usiku wa kuingia sikukuu ya Epifania, siku ya 12 baada ya Krismasi. Mwaka 1752 Uingereza iliacha kalenda ya Juliasi na kufuata ya Gregori. Siku 11 zikarukwa, hata tarehe 2 Septemba ikafuatwa na tarehe 14. Baadhi ya vijiji viliendelea kuuhesabu usiku huo kwa kalenda ya zamani, na hiyo ndiyo sababu kijiji cha Carhampton, katika Somerset, huadhimisha mila hii tarehe 17 Januari.

Tendo na Maneno Yake

Namna ya kufanya hutofautiana baina ya kijiji na kijiji, lakini viungo vikuu ni vinne. Kwanza ni pombe ya matufaha, ambayo hunywewa na watu na sehemu yake kumwagwa shinani. Mti hurudishiwa kidogo katika kile ulichokitoa. Pili ni mkate uliobanikwa na kuchovywa katika pombe hiyo, ambao hutiwa katika panda za matawi. Wengi husema kwamba mkate huo ni wa ndege wadogo wa kifua chekundu, ambao huhesabiwa kuwa walinzi wa mti. Tatu ni kelele za bunduki, sufuria na mayowe. Waulizwapo sababu, wafanyao mila hii hutoa majibu mawili: kwamba kelele hufukuza pepo wabaya, na kwamba huuamsha mti katika usingizi wa majira ya baridi. Nne ni wimbo.

Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi wimbo ndio wenye mafunzo mengi zaidi. Zipo nyimbo kadhaa, na baadhi yake zilikusanywa na Cecil Sharp, ambaye alianza kukusanya nyimbo za Somerset mwaka 1903. Katika nyimbo hizi mti huambiwa moja kwa moja, katika nafsi ya pili umoja, kwa kiwakilishi kile cha Kiingereza kilichokwisha kutoweka katika usemi wa kawaida wa miji, lakini kilichodumu katika lahaja za magharibi kama neno la kuambiana watu waliozoeana. Mti, basi, hauambiwi kama bwana wala kama mungu; waambiwa kama jirani wa siku nyingi. Kisha huombwa matunda kwa vipimo vya mfanyakazi mwenyewe: ya kujaza kofia, ya kujaza magunia, na yatakayobaki yarundikwe.

Vipimo hivyo si mapambo. Katika kaunti za magharibi sehemu ya ujira wa kibarua wa shamba ililipwa kwa pombe ya matufaha, hata Bunge likapiga marufuku malipo ya namna hiyo kwa sheria ya mwaka 1887. Mwaka wa mavuno haba ulimgusa tajiri katika mfuko wake na kibarua katika kikombe chake. Na mtufaha ni mti wa mashaka: aina nyingi huzaa sana mwaka mmoja zikapumzika mwaka unaofuata. Machipukizi ya maua hutungwa tangu kiangazi kilichotangulia. Kwa hiyo ifikapo Januari sehemu ya majaliwa ya mwaka imekwisha kufungwa ndani ya tawi, na iliyosalia hungoja jalidi ya majira ya maua, ambayo yaweza kuyaua yote kwa usiku mmoja.

Nadharia na Kasoro Zake

Wataalamu wa karne ya 19 walikuwa na jibu la haraka. E. B. Tylor, katika kitabu chake cha mwaka 1871, alizieleza mila za namna hii kuwa masalio ya hatua ya chini ya maendeleo ya akili. Na James Frazer, kuanzia mwaka 1890, alikusanya mifano ya ibada za miti kutoka pande zote za dunia. Katika ngazi hiyo waliyoisimamisha, kibarua wa Ulaya na mkulima wa Afrika waliwekwa chini, na mtaalamu akajiweka juu. Kasoro yake ni kwamba ngazi huonekana na ushahidi hauonekani: maandishi ya mila hii yanaanza katika karne ya 16, katika nchi iliyokuwa ya Kikristo kwa karne nyingi.

Bronislaw Malinowski alifungua njia bora zaidi mwaka 1925, alipoonyesha kwamba wavuvi wa visiwa vya Trobriand hawakutumia uganga katika maji ya ndani yaliyo salama, bali katika bahari kuu yenye hatari. Mwanafunzi wake, Jomo Kenyatta, alieleza mwaka 1938 ibada za kilimo za Wagikuyu, na akaonyesha kwamba sala zilizotolewa chini ya mugumo zilielekezwa kwa Mwene-Nyaga. Mti ulikuwa mahali pa ibada. Hapo pana tofauti ambayo Frazer asingeiona kwa kuhesabu miti tu. Chini ya mugumo mti ni mahali, na msikilizaji ni mwingine. Shambani Somerset msikilizaji ni mti wenyewe. Tofauti hiyo haikai katika matendo, kwa kuwa kote kuwili watu husimama chini ya mti na kumwaga kinywaji. Inakaa katika sarufi ya usemi.

Tatizo la Tafsiri

Mfasiri wa Kiswahili ana maneno mengi mbele yake. 'Tambiko' hurejelea mizimu na ukoo, na hapa hakuna mfu anayeitwa. 'Kafara' hutaka balaa la kuondolewa. 'Zindiko' lakaribia zile kelele za bunduki, lakini laacha nje wimbo na kikombe. 'Dua' huelekezwa kwa Mungu. Ama 'ushirikina', hilo si tafsiri bali ni hukumu, na mfasiri hana kiti cha hakimu.

Neno lifaalo ni 'kuamkia'. Kitenzi hiki kimetokana na 'kuamka', na ndani yake mna salamu na kuzinduka usingizini kwa pamoja, mambo mawili ambayo wanavijiji wa Somerset huyafanya kwa mti wao. Isidhaniwe kwamba maneno haya mawili yana asili moja, la hasha. Neno la Kiingereza latokana na uzima, la Kiswahili na kuamka. Yanakutana katika matumizi, na kukutana huko kwamtosha mfasiri.

Hitimisho

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 mashamba mengi ya kale ya mitufaha yaling'olewa. Tarehe 21 Oktoba 1990 shirika la Common Ground lilianzisha jijini London Siku ya Matufaha, na tangu hapo kuamkia mitufaha kumeenea upya, hata katika bustani za mijini ambako watu hawana kumbukumbu ya kibarua wala ya ujira wake. Wapo wanaosema kwamba mila iliyofufuliwa hivyo si mila tena. Lakini salamu haihukumiwi kwa umri wake. Huhukumiwa kwa kama yupo anayeamkiwa na kama jibu lake lina thamani kwa mwamkiaji. Kibarua wa zamani aliungoja mti uitikie kwa gunia. Anayeuamkia leo, baada ya mashamba kung'olewa, hungoja kuona kwamba mwakani mti ungalipo.

Hivyo basi, mtafiti anayekusanya miviga ya jamii yoyote, ya Ulaya au ya Afrika, hana budi kuandika maneno pamoja na matendo, na mbele ya kila usemi aulize: huyu anayeambiwa ni nani, na anatarajiwa kujibu vipi? Asiyeuliza hivyo atarejea na orodha ya miti na vikombe, na kazi ya kuwapa watu majina itabakia kwa wale wenye ngazi.