Mtoto akichelewa kusema, mbona lawama ni ya mama?

Katika vichochoro vya Kibera, kuanzia Makina hadi Laini Saba, na vilevile kule Kawangware, mtoto anayefikisha umri wa miaka mitatu bila kutembea wala kutamka neno huwa amekwisha kupewa maelezo chungu nzima kabla hajaonwa na daktari. Wapo wasemao amerogwa. Wapo wasemao ni laana ya ukoo, na ukoo wenyewe huwa ni wa mama. Wengine hunong'ona kwamba mama alitumia dawa za kupanga uzazi. Hitilafiana watakavyohitilafiana, watu hao hukubaliana juu ya jambo moja, kwamba mwenye kosa ni mama. Baba aghalabu haulizwi kitu.

Kwa sababu hiyo naona kipimo cha vinasaba, ambacho wengi wetu hukihesabu kuwa anasa ya matajiri, kinawahusu walalahoi wa mitaa hii kuliko mtu mwingine yeyote. Ni kweli kwamba kipimo hakimponyi mtoto. Lakini mama anayeishi katika chumba kimoja cha mabati, huku majirani wakimtazama kwa jicho la shutuma, ana haja ya jibu kabla ya haja nyingine nyingi.

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1959 Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake walitangaza kwamba watoto wenye hali ya Down wana kromosomu 47 badala ya 46. Mwaka 1991 ilitambuliwa jeni iitwayo FMR1, ambayo kasoro yake hudhoofisha akili, hasa ya wavulana. Siku hizi mashine zaweza kusoma maelfu ya jeni za mtoto kutokana na damu kidogo tu, na kuona kasoro ndogo ambazo darubini haiwezi kuziona.

Mwaka 2023 watafiti wa Uingereza na Ireland walichapisha matokeo ya uchunguzi wa familia zaidi ya 13,000 zenye watoto ambao ukuaji wao ulikuwa na matatizo yasiyoelezeka. Watoto wapatao 41 katika kila 100 walipatiwa jibu. Miongoni mwa waliopata jibu, takriban robo tatu walikuwa na badiliko jipya kabisa, lililozuka kwa mtoto mwenyewe, wala halikuwamo katika damu ya mama wala ya baba. Ningeomba kila mama mkwe aliyewahi kumfukuza mkazamwana wake kwa sababu ya mtoto wa namna hii aisome sentensi hiyo mara mbili.

Hata pale kasoro inaporithiwa, mtoto hupokea nusu ya vinasaba vyake kutoka kwa baba, na yako maradhi yasiyojitokeza mpaka kasoro za pande zote mbili zikutane. Kuna zinazopitia kwa mama peke yake, nami sitaficha hilo. Lakini hakuna mwanamke aliyewahi kuchagua jeni za kumrithisha mwanawe.

Wala isidhaniwe kwamba kila ulemavu wa akili una asili yake katika vinasaba. Mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, aliyepatwa na homa ya manjano kali akiwa mchanga bila kutibiwa, au aliyeugua homa ya uti wa mgongo, huenda akadhurika ubongo ilhali jeni zake ni timamu. Daktari mwema huanza kwa kuuliza habari za uzazi na kupima masikio. Hupima pia tezi la shingoni, maana mtoto aliyezaliwa na tezi lisilofanya kazi, akipewa kidonge kila siku tangu wiki zake za kwanza, hukua kama wenzake, na akicheleweshwa ubongo hauwezi kurudishwa. Kidonge chenyewe si cha bei kubwa. Inauma kufikiri ni watoto wangapi waliopotea kwa kukosa tone la damu la kisiginoni.

Uchunguzi huo wa Uingereza ulionyesha jambo jingine linalotuhusu. Watoto wenye asili ya Kiafrika walikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kupata jibu. Sababu moja yaeleweka: hazina za vinasaba ambazo madaktari huzitumia kulinganisha zimejaa damu za watu wa asili ya Ulaya. Badiliko likionekana kwa mtoto wetu, mtaalamu hushindwa kujua kama ni ugonjwa au ni jambo la kawaida miongoni mwa Waafrika ambalo hakuna aliyejali kuliandika. Basi si haba kwamba tangu mwaka 2018 watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust huko Kilifi, pamoja na wenzao wa Cape Town na Marekani, wamekuwa wakiendesha uchunguzi uitwao NeuroDev, ambao ulikusudiwa kuwafikia watu wapatao 5,600.

Lakini Kilifi iko mbali na Kawangware. Gharama ya kipimo kikubwa cha jeni hupita kipato cha miezi kadhaa cha mama anayetembea kila asubuhi kwenda kufua nguo za watu Lavington, akiwa amemfungia mwanawe chumbani kwa kukosa wa kumwachia. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, humpa mama huyo haki ya huduma bora ya afya. Hospitali ya Mbagathi na ile ya Kenyatta, watu wa Kibera huzifikia kwa miguu. Serikali haina budi kuanza hapo, kwa vipimo vya tezi na vya kromosomu vinavyolipiwa na bima ya SHA, na kwa mshauri atakayeyaeleza majibu kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Atakayesema fedha hakuna, kwamba kuna watoto wanaofariki kwa kuhara, ana hoja. Hata hivyo na ahesabu pia fedha anazomaliza mama kwa waganga, kwa wahubiri na kwa zahanati za mitaani kwa miaka mitano, akitafuta jibu ambalo hakuna kati yao aliye nalo.

Liko gumu moja ambalo bima haitalitatua. Kipimo hiki hufanya kazi vizuri zaidi kinapopewa damu ya watu watatu: mtoto, mama na baba. Bila damu ya baba ni vigumu kujua kama badiliko ni jipya au limerithiwa. Na katika nyumba nyingi ninazozizungumzia, baba aliondoka siku alipoambiwa kwamba ukoo wa mkewe una laana.