Saa Iliyoharibikia Pale pa Kutawadhia

Alhamisi moja baada ya swala ya Isha, watu wawili waliingia katika chumba kidogo cha ofisi ya msikiti wetu huku Mbagala, wakaketi bila ya kutazamana. Mmoja alikuwa mzee wa safu ya mbele, mwenye maradhi ya sukari na presha. Wa pili ni kijana fundi simu mwenye kibanda jirani na Rangi Tatu, naye huswali hapo hapo. Wakaweka mezani saa janja iliyofungwa katika leso, kioo chake kimepasuka pembe hadi pembe. Nilifungua daftari la kamati nikidhani ni jambo la dakika kumi. Lilituchukua majuma matatu.

Saa hiyo alitumiwa mzee na binti yake anayeishi Muscat, na haikuwa pambo. Kupitia simu ya mzee, hesabu ya mapigo ya moyo wake ilimfikia binti kila alfajiri. Asubuhi ilipokosekana, binti alipiga simu kwa majirani watatu akiuliza kama baba yake yu hai. Ndiyo maana mzee alikuwa na uchungu kuliko thamani ya kitu chenyewe.

Jinsi ilivyoharibika ni jinsi zinavyoharibika nyingi. Mzee hutawadha akiwa ameivaa, ila huilegeza na kuisogeza ili maji yapite chini yake. Kwa upande wa fiqhi alikuwa sahihi: mkono huoshwa wote hadi kiwiko, na Mtume (s.a.w.) aliwaonya vikali watu walioacha visigino vyao vikavu. Mkanda uliobana ukazuia maji kufika kwenye ngozi, udhu haujatimia. Lakini maji ya bomba letu la kutawadhia ni ya kisima, na visima vingi vya ukanda huu wa pwani vina maji ya chumvi. Mara tano kwa siku kwa miaka miwili, chumvi hiyo ilikaa pembeni mwa vitufe na chini ya mkanda.

"Imeandikwa mita hamsini," mzee alilalamika. Nyuma ya saa pameandikwa ATM 5, na wengi wetu tunaelewa hivyo. Maana yake ni kwamba saa ilipokuwa mpya ilistahimili kiwandani mgandamizo ulio sawa na ule wa maji yaliyotulia kwenye kina cha mita 50. Si ruhusa ya kupiga mbizi mita hizo. Vipimo vya namna ya IP68, vinavyoandikwa kwenye simu na saa nyingi, navyo hufanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Kinachozuia maji ni mpira mwembamba na gundi, navyo huzeeka. Sabuni na joto huvizeesha upesi zaidi.

Siku ukungu ulipoonekana ndani ya kioo, mzee alifanya mambo mawili ambayo karibu kila nyumba ingefanya. Kwanza aliifukia saa ndani ya mchele. Mchele hautoi maji yaliyokwisha kuingia kwenye saketi, wala hauondoi chumvi; mwaka 2024 kampuni ya Apple iliwashauri wateja wake wasiweke simu iliyolowa kwenye mchele, kwa kuwa chembe zake zaweza kudhuru. La pili ndilo lililoiua: usiku aliiweka kwenye chaji. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na umeme ukipita humo huila shaba ya saketi kidogo kidogo na kuacha kutu ya kijani. Saa iliyolowa na kuzimwa yaweza kuponywa hata kesho yake. Iliyochajiwa usiku kucha ni bahati nasibu.

Alichopaswa kufanya si kigumu. Aizime saa papo hapo na kuvua mkanda. Aisuuze kwa nje kwa maji baridi safi ikiwa iliyoilowesha yalikuwa ya chumvi, aifute, kisha aipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo bila kubonyeza chochote. Fundi naye huifungua, huchomoa betri, husugua saketi kwa mswaki laini na spiriti ya isopropili, huiacha ikauke, halafu huweka mpira na gundi mpya. Betri iliyovimba haichezewi, kwani yaweza kushika moto. (Mjumbe mmoja aliuliza kama spiriti hiyo ni najisi. Imamu alitabasamu, akasema isopropili si mvinyo, ni sumu kwa anayeinywa, na kabla hajamaliza kuuliza imekwisha kukauka.)

Sasa upande wa kijana. Mzee alidai alimwambia "nitazamie tu, mwanangu," naye akaifungua. Kijana alijibu kwa adabu, "Mzee wangu, saa hizi hazitazamiki bila kufunguliwa." Hilo ni kweli. Lakini tulipomuuliza ameifungua vipi, alikiri kwamba hakuilainisha gundi kwa joto. Alichokoa kioo kwa wembe kwa sababu wateja walikuwa wamejaa. Hapo kioo kilipasuka.

Imamu alitueleza kwamba suala hili ni la zamani kuliko saa yoyote. Imepokewa kuwa Sayyidna Ali (r.a.) aliwadhaminisha mafundi, akiwemo mpaka rangi nguo na mfua dhahabu, akiona kuwa mambo ya watu hayatengemai bila ya hivyo. Imamu Malik naye aliwadhaminisha mafundi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba mali iliyo mkononi mwa fundi ni amana, halipi ila akivuka mpaka au akizembea. Tena Rabii, mwanafunzi wa Imamu Shafi, alieleza kuwa mwalimu wake aliona fundi hana dhamana, lakini hakupenda kuitangaza rai hiyo kwa kuwahofia mafundi wabaya. Kijana aliinamisha kichwa aliposikia hayo, na mzee akacheka kwa mara ya kwanza.

Wembe ulikuwa uzembe, hilo halikubishaniwa. Ubishi ulikuwa kiasi. Mzee alitaka saa mpya. Imamu akasema aliyeharibu hulipa thamani ya kitu kama kilivyokuwa siku alipokiharibu, na siku hiyo kilikuwa saa iliyolowa na kuchajiwa usiku kucha. Basi nikatumwa Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa fundi mwingine asiyemjua yeyote kati yao. Aliitazama saketi kwa kioo cha kukuzia. Betri imevimba, kutu ya kijani imezunguka sehemu za kuchajia, mengine mazima. Akasema ingepona hata kabla ya kioo kupasuka, kwa kubadilisha betri tu.

Tukaandika hivi: kioo ni juu ya kijana, betri ni juu ya mzee, ujira wa ufundi umesamehewa. Nadhani kama wangeandikiana karatasi mwanzoni, ya nini kifunguliwe, kwa bei gani, na kioo kikivunjika nani analipa, nisingepanda daladala mara tatu. Tangu hapo fundi huyo ana kitabu cha risiti, na humwambia mteja atoe nywila na kufuta ujumbe wake binafsi kabla ya kuacha kifaa.

Tulifikiria pia kupigilia misumari pale pa kutawadhia ili watu watundike saa. Wazo halikupita, maana viatu vyenyewe vinatutoka. Mzee sasa huvua saa yake na kuitia ndani ya kofia, na kofia humpa mjukuu aishike.

Saa inafanya kazi. Binti alipata mapigo ya moyo Jumatatu alfajiri, akapiga simu kabla baba hajamaliza nyiradi. Kioo ni cha mtumba na mpira wake si wa kiwandani. Kijana alipoirudisha alimwambia, "Mzee wangu, hii sasa haitaki hata jasho."