Mswada, Hadhira na Mkasi: Utunzi na Uhariri wa Futuhi ya Televisheni

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa tamthilia ya Kiswahili umelelewa na kitabu. Mhakiki huwa na matini iliyopigwa chapa mbele yake. Huisoma, huchambua dhamira, wahusika na matumizi ya lugha, kisha, nafasi ikiruhusu, hukumbusha kwamba matini hiyo ilikusudiwa jukwaa. Mazoea haya yamezaa matunda mengi. Hata hivyo, yanapohamishiwa kwenye futuhi ya televisheni, yaani mchezo wa kuchekesha wa nusu saa hivi unaorudi kila wiki na wahusika walewale, mhakiki hujikuta ameshika karatasi ambayo si kazi yenyewe. Makala haya yanaeleza jinsi futuhi ya namna hiyo inavyotungwa na kuhaririwa, na yanatetea rai kwamba uhariri wa picha na sauti ni hatua ya utunzi, wala si usafi unaofanywa baada ya utunzi kwisha. Mfano mkuu ni mchezo wa Kiingereza uitwao Fawlty Towers, ambao historia ya kutengenezwa kwake inajulikana vizuri.

Lugha nayo inachangia utata. Kwa Kiswahili neno "mhariri" humtaja mtu anayepima na kurekebisha mswada, na humtaja pia yule anayekata na kuunga picha. Wa kwanza hufanya kazi kabla ya mwigizaji kufungua kinywa. Wa pili huanza wakati waigizaji wamekwisha kwenda nyumbani. Hapa wataitwa mhariri wa mswada na mhariri wa picha.

2.0 Hukumu ya msomaji wa kwanza

Mwezi Mei mwaka 1974 Ian Main, mhariri wa miswada ya futuhi katika Shirika la Utangazaji la Uingereza (BBC), alisoma mswada wa kwanza wa Fawlty Towers. Watunzi wake walikuwa John Cleese na Connie Booth, mume na mke wakati huo. Katika waraka mfupi aliowapelekea wakuu wake, ambao umehifadhiwa na kunukuliwa mara nyingi tangu hapo, Main aliuona mswada huo kuwa mbovu: mkusanyiko wa mambo yaliyochakaa na wahusika bapa, ambao haungeweza kuzaa chochote ila maafa. Mchezo ulirekodiwa licha ya waraka huo, ukaanza kuonyeshwa tarehe 19 Septemba 1975, na mwaka 2000 Taasisi ya Filamu ya Uingereza iliuweka wa kwanza katika orodha yake ya vipindi mia moja bora vya televisheni ya nchi hiyo.

Ni rahisi kumcheka Main, na wengi wamefanya hivyo. Lakini aliyoyaona yalikuwamo. Mwenye hoteli mwenye hasira na anayewanyenyekea matajiri, mke mkali, mhudumu Mhispania asiyeelewa anachoambiwa, meja mstaafu aliyepotewa na kumbukumbu: hawa wote ni wahusika ambao jukwaa la Ulaya lilikuwa nao karne nyingi kabla ya televisheni. Main alisoma kwa makini, na kwa vigezo vya msomaji wa matini alisoma sawasawa. Kilichomponyoka ni mwendo, na mwendo hauonekani kwenye karatasi.

3.0 Kutoka kisa hadi mkato

Cleese ameeleza mara kadhaa kwamba kila mswada uliwachukua yeye na Booth takriban wiki sita, na kwamba wiki za mwanzo zilikuwa za kusuka kisa peke yake bila kuandika mazungumzo. Utaratibu huu unastahili kutiliwa maanani, maana watu wengi hudhani kwamba mtunzi wa futuhi huanza na maneno ya kuchekesha kisha akayatafutia kisa. Hapa mambo yalikuwa kinyume. Maneno yalikuja mwishoni, baada ya kila mhusika kupewa sababu ya kutosha ya kufanya upuuzi anaoufanya.

Sehemu iitwayo Communication Problems, ya mwaka 1979, inaonyesha vizuri. Basil, mwenye hoteli, ameshinda pesa kwa kubahatisha farasi, jambo ambalo mkewe amemkataza. Anamwamuru mhudumu wake, Manuel, aseme kwamba hajui lolote kuhusu farasi huyo. Wakati huohuo mgeni mmoja, bibi mzee mwenye tatizo la kusikia ambaye huzima kifaa chake cha masikioni ili asimalize betri, anadai kwamba pesa zake zimeibwa chumbani. Sasa Basil ana pesa mkononi na hawezi kusema zimetoka wapi. Anapomhitaji Manuel awe shahidi, Manuel, kwa utiifu kamili na kwa fahari, anasema hajui lolote. Jibu hilo, likisomwa peke yake, halichekeshi hata kidogo. Linachekesha kwa sababu dakika nyingi za maandalizi zimeelekezwa kwalo, na kwa sababu kamera inamwacha Manuel kwa wakati ufaao ili itazame uso wa Basil.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kuwa na maana. Kwa mujibu wa Cleese, mswada wa kawaida wa futuhi ya nusu saa ulikuwa na kurasa kama 65, na wao waliandika zaidi ya 120. Mchezo wa kawaida ulikuwa na mikato ya picha ipatayo 200. Wao walifikia takriban 400. Ukigawanya nusu saa kwa mikato 400 utaona kwamba picha ilibadilika, kwa wastani, kila baada ya sekunde nne na nusu. Mtazamaji hahesabu, lakini anahisi kwamba hoteli nzima inakimbia.

Sehemu kubwa ya mikato hiyo haikufanywa kwa mkasi. Katika futuhi za studio za miaka ya 1970, waigizaji walifanya mazoezi siku kadhaa katika ukumbi ambao kuta za chumba cha mchezo zilichorwa sakafuni kwa utepe, kisha wakaingia studio na kuigiza jioni moja mbele ya hadhira. Kamera kadhaa ziliwafuata kwa pamoja. Mwelekezi alikaa katika chumba cha juu mbele ya safu ya vioo, na kwa amri yake fundi alibonyeza kitufe na kuhamisha picha kutoka kamera moja hadi nyingine papo hapo, kwa kufuata mswada wa kamera ulioandaliwa mapema. Kwa hiyo uhariri wa kwanza ulikwisha fanyika wakati mchezo bado unaigizwa. Kilichobaki kwa mhariri wa picha kilikuwa kurekebisha makosa, kuchagua mrudio ulio bora, na kupunguza. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo ngumu. Kunyofoa robo sekunde kati ya swali na jibu kunaweza kuligeuza jibu la heshima likawa tusi. Kuiongeza kunaweza kuligeuza likawa uongo. Mwigizaji hakubadilika na neno halikubadilika, lakini maana imebadilika.

Uhariri unaweza pia kumbadilisha mhusika. Katika sehemu ya kwanza ya Fawlty Towers, iliyorekodiwa mwishoni mwa mwaka 1974, mhudumu Polly alikuwa mwanafunzi wa falsafa. Watunzi hawakuridhika. Vipande vilivyomhusu vilirekodiwa upya na kupachikwa, na Polly wa mwaka 1975 akawa mwanafunzi wa sanaa ya uchoraji. Mhakiki anayetaka kuzungumzia "Polly wa mtunzi" ana wajibu wa kusema ni yupi.

4.0 Hadhira iliyonaswa

Utaratibu wa kamera nyingi mbele ya hadhira haukuanzia London. Mfano uliouimarisha ni I Love Lucy, mchezo wa Marekani ulioanza tarehe 15 Oktoba 1951. Wenye mchezo, Lucille Ball na Desi Arnaz, walitaka kubaki Hollywood, ilhali vipindi vingi wakati huo vilirushwa moja kwa moja kutoka New York na kunakiliwa kwa picha hafifu kwa ajili ya majimbo ya mbali. Suluhisho lilikuwa kuigiza mbele ya watu kama katika ukumbi wa michezo, lakini kupiga picha kwa filamu ya milimita 35 na kamera tatu kwa wakati mmoja. Taa na kamera zilisimamiwa na Karl Freund, ambaye alikuwa miongoni mwa wapiga picha wa filamu ya Metropolis nchini Ujerumani. Mhariri wa picha, Dann Cahn, alilazimika kupata mashine ya kutazamia filamu tatu kwa pamoja pamoja na sauti, ambayo wafanyakazi waliibatiza jina la zimwi.

Upande wa mswada, Jess Oppenheimer, Madelyn Pugh na Bob Carroll waliandika vitendo vya Ball kwa herufi kubwa, kwa maelezo marefu kuliko mazungumzo yenyewe, na Pugh alizoea kuvijaribu mwenyewe ili aone kama vinawezekana. Mchezo uonekanao kama fujo ya mwigizaji mmoja ulikuwa umeandikwa hatua kwa hatua.

Msomi wa fasihi simulizi atatambua jambo analolijua. Fanani husoma uso wa hadhira, huongeza au hupunguza utambaji wake, na kicheko humpa pumzi. Mwigizaji wa studio hufanya vivyo hivyo: husubiri kicheko kipungue kabla ya kusema neno linalofuata. Lakini tofauti na hadhira ya mtambaji, kicheko cha studio kimenaswa pamoja na maneno, na mhariri hawezi kukata sentensi katikati ya kicheko bila mpasuko kusikika. Tena, tukio likirudiwa kwa sababu ya kosa, watu hucheka kidogo, kwa kuwa mzaha wameshausikia. Mhariri akichagua mrudio wa pili kwa ubora wa uigizaji, hupata kicheko cha baridi.

Kutokana na tatizo hilo la kiufundi alizuka Charley Douglass, fundi wa sauti wa Marekani, ambaye katika miaka ya 1950 alitengeneza mashine yenye vitufe na kanyagio, iliyojaa vicheko vilivyorekodiwa. Kwanza ilitumika kuziba pengo. Baadaye ilichukua nafasi ya hadhira yote. Kifaa hiki kimelaumiwa sana, na lawama nyingine ni za haki. Hata hivyo, kicheko cha kupachikwa kinamwonyesha mchunguzi jambo ambalo kicheko cha kweli kinalificha, yaani kwamba hadhira iliyomo ndani ya sauti ni sehemu ya matini.

Ushahidi mzuri ni M*A*S*H, mchezo wa Marekani wa miaka 1972 hadi 1983 kuhusu madaktari wa jeshi katika Vita vya Korea. Kituo cha CBS kililazimisha kicheko kiwekwe. Watayarishaji walipata ridhaa moja: katika chumba cha upasuaji pasisikike kicheko. BBC nayo ilipouonyesha Uingereza iliondoa vicheko vyote. Kwa hiyo maneno yaleyale, ya waigizaji walewale, yalizaa kazi mbili. Katika ile ya Marekani mzaha wa daktari mwenye damu mikononi ulitenganishwa na mizaha mingine kwa ukimya wa ghafula. Katika ile ya Uingereza ukimya ulitanda kila mahali, na mchezo ukakaribia tanzia. Hakuna mswada utakaomwonyesha mhakiki tofauti hiyo.

5.0 Pasipo na mazungumzo yaliyoandikwa

Hali inakuwa wazi zaidi pale mazungumzo yasipoandikwa kabisa. Katika Curb Your Enthusiasm (2000–2024) Larry David aliandika muhtasari wa kurasa chache wenye mfuatano wa matukio, na waigizaji wakatunga maneno papo kwa papo mbele ya kamera. Tukio lilirudiwa mara nyingi kwa maneno tofauti. Swali la nani ametunga sentensi fulani lina jibu lenye watu watatu: aliyeweka tukio, aliyetamka, na mhariri aliyeamua kwamba utamkaji huo ndio utakaobaki.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili jambo hili si la mbali. Vitimbi na Vioja Mahakamani, vilivyorushwa na Sauti ya Kenya na baadaye KBC, vilitegemea sana matamshi ya Kiswahili yanayotambulisha asili ya msemaji, mwendo wa mwili, na mkatizo wa hakimu au wa mke mwenye nyumba. Atakayenukuu mazungumzo hayo kwa maandishi sanifu ili ayachambue katika tasnifu atakuwa ameondoa kichekesho kabla ya uchambuzi kuanza. Angalau alama za kituo, urefu wa kimya na mahali kamera ilipoelekea zinapaswa kuingia katika unukuzi, hata kama ukurasa utachukiza macho.

Suala la uhifadhi linafuata hapohapo. BBC ilifuta kanda nyingi katika miaka ya 1960 na 1970 ili zitumike tena, na miongoni mwa zilizopotea ni picha za sehemu tatu za Dad's Army za mwaka 1969. Miswada yake ilibaki. Mwaka 2019 kituo cha Gold kiliziigiza upya sehemu hizo kwa kufuata miswada ya Jimmy Perry na David Croft, kwa waigizaji wengine, hadhira nyingine na wahariri wengine. Mtafiti wa leo anaweza kusoma kila neno lililotungwa na kutazama mchezo mzima uliotoka katika maneno hayo, lakini sehemu hizo kama zilivyoonekana mwaka 1969 hawezi kuzitazama.