Vazi la Mvuvi Usiku wa Mvua: Jambo la Kuangaliwa Nyumbani Kabla ya Safari

Kijana anayeondoka Buganguzi, wilayani Muleba, akiacha shamba la migomba na kahawa ili akatafute riziki katika uvuvi, huagwa kwa dua na mara nyingi kwa nguo zilezile alizokuwa akilimia. Mtumbwi, injini, nyavu na taa atavikuta kwa tajiri. Nguo, mara nyingi, ni juu yake mwenyewe. Familia nyingi hulisahau jambo hili, ilhali katikati ya ziwa, mvua inapomwagika na mwalo hauonekani, mvuvi hana paa jingine zaidi ya kile alichokivaa.

Msomaji wa Pwani huenda akastaajabu kusikia habari za baridi katika nchi iliyo jirani na Ikweta. Lakini Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na upande wa Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Sababu yake ni ziwa lenyewe. Mchana nchi kavu hupata joto upesi, na upepo huvuma kutoka majini kwenda ufukoni. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, upepo hutoka pande zote kuelekea ziwani, hukutana juu ya maji yaliyo bado na joto, na hewa hupanda na kuwa mawingu ya radi. Upepo wa mashariki huyasukuma mawingu hayo kuelekea Kagera. Ndiyo maana dhoruba nyingi huchacha kati ya usiku wa manane na asubuhi.

Saa hizo ndizo za mvuvi wa dagaa. Dagaa hufuata mwanga wa taa, hivyo huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipoonekana. Kazi na dhoruba zina saa moja, wala hakuna namna ya kuzitenganisha.

Baridi inavyomwingia mtu

Maji huondoa joto mwilini takriban mara 25 zaidi ya hewa iliyotulia. Mtu aliyelowa na kupigwa na upepo kwa saa nyingi hupoa hata kama usiku si wa baridi kali. Huanza kwa kutetemeka. Kisha vidole hukosa nguvu, akashindwa kufungua fundo la kamba au kuwasha injini. Baadaye ulimi huwa mzito, akili huchelewa, na usingizi humjia. Akiacha kutetemeka ilhali hajapata joto, hiyo si nafuu bali ni hatari kubwa. Avuliwe nguo zilizolowa, akaushwe, afunikwe kwa kitu kikavu, anyweshwe chai ya sukari akiwa na fahamu zake, kisha apelekwe kituo cha afya.

Wapo wanaosema kwamba pombe kali hupasha mwili joto. Pamoja na kuwa ni haramu kwa Muislamu, dai hilo pia si kweli. Pombe hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi. Mtu huhisi joto, kumbe joto lake ndilo linalotoka.

Nguo ya ndani, ya kati na ya nje

Adui wa kwanza ni pamba. Fulana ya pamba na suruali ya jinzi hunywa maji, huwa nzito, na huchelewa kukauka. Karibu na ngozi ivaliwe fulana ya poliesta, mfano wa jezi ya mpira, kwa kuwa hainyonyi maji mengi. Juu yake lije sweta. Sufu ya kondoo ndiyo bora, kwani hubakiza joto hata ikilowa. Kwenye marundo ya mitumba sweta hizi hupatikana kwa bei ya kawaida, na mara nyingi wanunuzi huzipita kwa kuwa huwasha mwilini. Lebo ya ndani hutaja aina ya kitambaa. Ikiwa imekatwa, lowesha kipembe: sufu mbichi hutoa harufu ya kondoo.

Nguo ya nje kazi yake ni moja, kuzuia maji na upepo. Suti ya mvua ya vipande viwili, koti na suruali, kama ile wanayovaa madereva wa bodaboda, yafaa kuliko koti refu linalofika magotini. Koti refu hunasa kwenye nyavu, hupeperushwa na upepo, na mtu akianguka majini humzonga miguu. Mfuko wa nailoni uliotobolewa kwa kichwa na mikono hauna kofia wala mikono, na huchanika kabla usiku haujaisha.

Kabla ya kulipa, geuza koti ndani nje utazame mishono. Mshono usiozibwa kwa utepe hupitisha maji, hata kitambaa kikiwa imara namna gani. Mkono wa koti ukazwe kwa mpira kwenye kifundo, maana mvuvi huinua mikono akivuta wavu na maji huteremka hadi kwapani. Zipu iliyofunikwa ni bora kuliko vifungo vinavyonasa matundu ya wavu. Ama rangi, chagua ya njano au ya machungwa. Nyeusi, bluu na kijani hupotea majini, na anayekutafuta hawezi kukuona.

Gambuti ziwe kubwa kidogo kuliko mguu, ili mtu aweze kuzivua haraka akitumbukia. Suruali ya mvua ipite nje ya gambuti. Ikichomekwa ndani, maji yote ya mvua hukusanyika miguuni. Kofia ya sufu chini ya kofia ya koti hukamilisha vazi.

Lisilofanywa na koti

Hakuna koti linaloelea. Jaketi okozi livaliwe juu ya koti la mvua na kufungwa kamba zake zote, si kukaliwa kama mto. Kwa hiyo linapojaribiwa koti, lijaribiwe pamoja na jaketi, nalo lionekane kama linaenea. Wala vazi halizuii radi. Kinga ya radi ni kusikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na kubaki ufukoni siku inapoonya. Kutawakali hakuondoi wajibu wa kuchukua tahadhari.

Watu wa Kagera wanajua thamani ya wavuvi hawa. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria yenye watu 43 ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba katika hali mbaya ya hewa, wavuvi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuifikia kwa mitumbwi yao. Watu 19 walifariki, 24 waliokolewa.

Basi gharama ya vazi isiachwe kwa kijana peke yake, ambaye hana fedha mpaka agawiwe sehemu yake ya mauzo. Tajiri anayenunua nyavu na mafuta ahesabu pia suti za mvua na majaketi ya wafanyakazi wake, kwani mikono iliyokufa ganzi haivuti wavu. Nako nyumbani, fedha zilizotengwa kwa simu mpya ya msafiri zianzie kwenye koti na sweta. Akirudi alfajiri, visuuzwe na kuanikwa kivulini penye upepo. Jua kali hupasua plastiki, na moto wa jikoni huyeyusha mishono.