Unataka bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba? Kuchimba shimo ndio kazi rahisi

Wacha tuseme ukweli. Msee akiota vile ataomoka, kwa hiyo ndoto kuna nyumba, kuna ndae, na huko nyuma kuna bwawa la maji ya bluu. Na siku hizi hii si story ya Runda na Karen pekee. Hata Syokimau, Kitengela na Ruiru watu wanachimba, wengine wa-enjoy na familia, wengine ndio nyumba iingize doo kwa Airbnb wikendi.

Shida ni kwamba wengi hupiga hesabu ya shimo na vigae, halafu wanashtuka kuona bwawa likiisha ndio matumizi yanaanza. Kwa hivyo iwe ni wewe unajenga, ama wazae wako ndio wamekutuma utafute fundi, rada ni hii.

Makaratasi kabla ya jembe

Bwawa ni jengo kama jengo lingine. Michoro inafaa ipitishwe na kaunti, na mradi usajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Mwambie kontrakta akuonyeshe usajili wake wa NCA kabla hujamtumia hata shilingi. Akianza kuzungusha maneno, hilo ni jibu tayari.

Pia jua kile kiko chini ya hiyo nyasi. Bomba la maji, waya za stima, shimo la choo. Tinga halijui kusoma ramani.

Udongo ndio huamua bei

Hapa ndio majirani wawili hulipa pesa tofauti kwa bwawa la saizi moja. Pande za Embakasi, Syokimau na Kitengela kuna ule udongo mweusi tunauita black cotton. Ukilowa unafura, ukikauka unapasuka, na bwawa likikaa juu yake linapasuka nalo. Lazima uondolewe mpaka mfike chini kwenye ardhi ngumu. Ukigonga mwamba, hiyo tena ni mashine ingine na siku zingine. Na huo udongo wote lazima ubebwe na malori, so kubaliana mapema nani analipa.

Bwawa la zege na vyuma ndilo limezoeleka. Unalipa shepu unayotaka, lakini tenga kama miezi miwili au mitatu, na msimu wa mvua unaweza kuongeza. Zege hupewa kama siku 28 ndio lifike nguvu yake, kwa hivyo fundi akikwambia atamaliza kila kitu kwa wiki mbili, muulize anaruka hatua gani. La faiba huja likiwa limetengenezwa tayari na linaingia haraka, lakini pima geti na njia yako kwanza. Bwawa zima likifika na lori halafu likatae kupita, hiyo ni noma.

Kabla ya vigae kubandikwa, itisha lijazwe maji na liachwe siku kadhaa. Weka ndoo ya maji kwa ngazi ya bwawa, chora alama ndani ya ndoo na kwa ukuta. Jua hukausha maji yote mawili sawasawa. Kama ya bwawa yameshuka kuliko ya ndoo, linavuja, na ni afadhali ujue sasa kuliko baada ya kulipia vigae.

Doo nayo lipa kwa hatua: shimo, zege, mabomba, vigae. Bakisha kiasi mpaka maji yakae wiki kadhaa bila shida. Ukilipa yote mwanzoni, usishangae simu ikizimwa.

Maji yatatoka wapi?

Piga hesabu na mimi. Bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5, linabeba lita 48,000. Hayo ni maboza matano ya lita 10,000. Kama mtaa wenu mfereji hutoa maji siku mbili kwa wiki, usitegemee kulijaza na paipu. Na kama mpango ni kuchimba kisima, kibali kinatoka kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Habari poa ni kwamba hujazi upya kila wiki. Maji yakitunzwa yanakaa. Lakini kuyatunza ni kazi: pampu izungushe maji kwa filta masaa sita hadi nane kila siku, pH ikae kati ya 7.2 na 7.8, na klorini ipimwe mara kwa mara. Pampu ya kawaida ya nyumbani hula karibu yuniti moja ya stima kwa saa, so kwa mwezi unaongea kuhusu kama yuniti 200 juu ya zile za kawaida. Ukizima ndio uokoe tokeni, maji yanageuka kijani kama sukuma. Na usiwahi kuchanganya klorini na asidi, ju ile gesi inatoka hapo inaweza kukumaliza.

Baridi nayo? Nairobi mwezi wa saba, maji bila kupashwa moto hayaguziki. Turubai la kufunika usiku husaidia kuhifadhi joto na kupunguza maji yanayokauka. Usilipe doo ya bwawa utakaloliogopa nusu ya mwaka.

Ua si urembo

Hii ndio sehemu watu hukata bajeti, na ndiyo haifai kuguswa kabisa. Mtoto akizama hapigi kelele kama kwa muvi. Anaenda chini kimya, kwa dakika chache tu, wakati wewe uko jikoni unageuza chapo. Weka ua wa angalau mita 1.2 pande zote nne, usio na mahali pa kukanyaga akipanda, na geti linalojifunga lenyewe, komeo likiwa juu mahali mtoto hafiki. Watoto wakiwa majini, awepo mtu mzima anayejua kuogelea na simu iko mfukoni.

Na mtoto wa jirani je? Yeye hakuitwa, lakini akisikia maji atakuja.

So ukikaa chini na kontrakta, usiulize tu bei ya kuchimba. Itisha karatasi yenye kila kitu: udongo, mabomba, pampu, maji ya kwanza, ua na geti. Kama doo inatosha bwawa bila ua, basi bado haijatosha bwawa. Ngoja kidogo, jipange, halafu uchimbe.